Je, Wajua? Miezi ya Angani kwa Wakazi wa Mbulu na Hanang

Je, wajua kwamba ukiweka rula juu ya ramani ukaunganisha Nairobi na Lusaka, mstari unapita karibu kabisa na Haydom na Ziwa Basotu? Unganisha Nairobi na Johannesburg, mstari unapita Babati. Unganisha Addis Ababa na Johannesburg, unaangukia magharibi kidogo ya Haydom. Ndege zenyewe hufuata njia zilizopangwa na zinaweza kupinda huku au kule, lakini mkulima wa Basotu anayeinua macho kutoka kwenye ngano yake na kuona mistari myeupe angani yuko chini ya barabara kuu ya bara hili.

Ndege hizo hupita futi 35,000 hivi kutoka usawa wa bahari, yaani karibu mita 10,700. Mlima Hanang una mita 3,420. Ungepandisha Hanang tatu, moja juu ya nyingine, ndege bado ingepita juu ya kilele cha tatu.

Wajua kwamba ndege inayopita hivyo haimo katika takwimu za mwezi za kiwanja chochote cha Tanzania? Haikutua wala haikuruka hapa. Anayeihesabu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambayo huitoza ada kwa kutumia anga letu na kuongozwa na watu wetu. Kwa kazi hiyo nchi ilinunua rada nne kutoka kampuni ya Thales ya Ufaransa na kuzifunga Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Kwa hiyo ukiona viwanja vimepoa mwezi fulani, usidhani anga nalo lilikuwa tupu.

Je, wajua tofauti ya abiria na miruko? Gazeti likiandika kwamba kiwanja kimehudumia miruko 1,000 kwa mwezi, maana yake si ndege 1,000 zilizofika. Kutua ni mruko mmoja, kuruka ni mruko mmoja. Ndege iliyokuja na kuondoka imehesabiwa mara mbili.

Abiria wa ndani naye huhesabiwa mara mbili: Dar es Salaam anapopanda na Mwanza anaposhuka. Ukijumlisha viwanja vyote vya nchi bila kuliangalia hilo, Watanzania wanaosafiri kwa ndege wataonekana wengi kuliko walivyo.

Dreamliner ya Air Tanzania ina viti 262. Cessna Caravan, ile ndege ndogo inayopeleka watalii mbugani, hubeba abiria kama 12. Kwa hiyo Dreamliner moja iliyojaa ni Caravan 22. Ndiyo maana kiwanja cha Arusha pale Kisongo kinaweza kuwa na kelele ya injini tangu asubuhi hadi jioni huku abiria wake wakiwa wachache kuliko unavyodhani ukisimama nje ya uzio. Mtu akikuambia kiwanja fulani kina shughuli kuliko kingine, muulize kwanza anahesabu nini.

Wajua kwamba Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, KIA, kwenye tiketi hakiandikwi KIA? Alama yake ya kimataifa ni JRO. Wenye tiketi za mara ya kwanza wengi hushtuka. Kiwanja kilifunguliwa 1971, kipo mita 894 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600.

Ina maana kwamba John Stephen Akhwari wa Mbulu alipokwenda kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, kiwanja hicho hakikuwepo. Mbio zake zilikuwa tarehe 20 Oktoba, kwenye mji ulio mita 2,240 juu ya bahari. Alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Akhwari aliingia uwanjani giza likiwa limeingia na kumaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, na dunia haijamsahau mpaka leo. Ukanda huu umeendelea kutoa wakimbiaji, na safari zao zina miezi yake: Boston na London ni Aprili, Berlin ni Septemba, Chicago Oktoba, New York Novemba. Aprili, watalii wanapokuwa wachache, wakimbiaji ndio wanaopita KIA na begi la viatu mgongoni.

Kwa nini Aprili na Mei ziwe kavu viwanjani wakati ardhi imelowa? Masika. Waongoza watalii huiita lo sizoni, na kambi nyingi za mbugani hufungwa kabisa kwa ukarabati. Kuanzia Juni mstari wa takwimu huanza kupanda, Julai na Agosti unafika juu, nayo ni miezi ya likizo ya shule Ulaya na Marekani. Unashuka Novemba mvua za vuli zinapoingia, unapanda tena kwa Krismasi na Mwaka Mpya, kisha unateremka taratibu hadi Machi. Umbo hilo, mabonde mawili na vilima viwili, hujirudia kila mwaka, na anayeishi Manyara atalitambua mara moja kwa sababu ni mvua zake mwenyewe zilizogeuzwa juu chini.

Na nyumbu nao wana sehemu yao. Januari hadi Machi huzaa kwenye nyasi fupi za Ndutu, na ndege ndogo hutua huko. Julai hadi Oktoba huvuka Mto Mara kaskazini mwa Serengeti, na ndege zilezile huhamia Kogatende. Kiwanja kinaweza kupoteza miruko mingi mwezi mmoja bila mtalii hata mmoja kupungua nchini; wanyama tu wamehama.

Je, wajua mtego wa asilimia? Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje, kwa mipaka yote, ya anga na ya nchi kavu. Mwaka 2020, kwa sababu ya Uviko, walifika 620,867: kushuka kwa asilimia 59. Mwaka 2021 walifika 922,692: kupanda kwa asilimia karibu 49. Msomaji wa haraka atasema tumeshuka 59 tukapanda 49, zimebaki 10 turudi tulipokuwa. Hesabu haiendi hivyo. Anayeanza kupanda kutoka 620,867 anahitaji asilimia 146 ili afike tena 1,527,230. Asilimia 49 ilikuwa theluthi tu ya safari ya kurudi. Tulirudi na kupita mwaka 2023, watalii 1,808,205, na mwaka 2024 wakafika 2,141,895.

Ndani ya mwaka 2020 kuna mwezi wa ajabu. Tarehe 12 Aprili serikali ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na tarehe 18 Mei anga likafunguliwa tena, mapema kuliko nchi nyingi. Anayelinganisha Aprili au Mei 2021 na miezi hiyo atapata asilimia kubwa mno zisizosema lolote la maana, kwa kuwa amegawanya kwa namba iliyokuwa karibu na sifuri. Kwa miaka hiyo, linganisha na 2019.

Juni ya mwaka huohuo wa 2020, viwanja vikiwa bado kimya, mchimbaji mdogo wa Simanjiro alitoa vipande viwili vikubwa vya tanzanaiti, kimoja kilo 9.27 na kingine kilo 5.1, na serikali ikavinunua kwa shilingi bilioni 7.74. Mirerani, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti, ni mkoa wetu wa Manyara, na iko jirani na KIA. Hakuna mzigo wa Manyara unaopenda ndege kama huo: mwepesi, wa thamani, unaingia mfukoni.

Wajua kwamba mizigo ya ndege duniani ni chini ya asilimia 1 ya uzito wa biashara ya kimataifa lakini karibu theluthi moja ya thamani yake? Hapo ndipo vitunguu saumu vya Mbulu vinapobaki kwenye lori. Kinachopanda ndege ni kile kinachooza upesi au chenye bei kubwa kwa kilo: maua, minofu ya samaki, mboga changa, madini. Air Tanzania ilipokea ndege yake ya mizigo, Boeing 767, Juni 2023, yenye uwezo wa kubeba tani 54.

Na mizigo ina miezi yake, tofauti na ya watalii. Maua ya Kenya hujaa ndegeni mwanzoni mwa Februari, kabla ya tarehe 14, mwezi ambao abiria wanapungua.

Februari yenyewe huonewa sana. Chukua kiwanja kilichopokea abiria 31,000 Januari na 28,000 Februari. Kichwa cha habari kitasema abiria wamepungua karibu asilimia 10. Wakati ukweli ni abiria 1,000 kila siku, miezi yote miwili. Mwaka mrefu ukifika, kama 2024, siku ya 29 peke yake huongeza Februari asilimia 3.6 kabla hata hujauza tiketi moja ya ziada. Gawanya kwa siku za mwezi kwanza, ndipo uzungumze.

Je, wajua sikukuu mbili zilizobadilishana viti? Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa 31 Machi na Idi el-Fitri 10 Aprili. Mwaka 2025 Idi ikaja 31 Machi na Pasaka 20 Aprili. Mtu anayelinganisha Machi na Machi ya miaka hiyo miwili analinganisha safari za Wakristo na safari za Waislamu, na Aprili hivyohivyo. Kwa Zanzibar, ambako mwezi wa Ramadhani hubadilisha kabisa mwendo wa mji na wa hoteli, jambo hili lina uzito mkubwa. Visiwa hivyo vilipokea wageni 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024. Gawanya kwa 12 upate 61,396 kwa mwezi, lakini usitarajie kuuona mwezi wa namna hiyo: Agosti na Desemba ziko juu sana, Aprili na Mei ziko chini sana, na wastani unapita katikati bila kumgusa yeyote.

Ndege za Hijja nazo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua. Arafa ilikuwa 15 Juni mwaka 2024, 5 Juni mwaka 2025, na mwaka 2026 inaangukia Mei. Katika muda wa miaka 33 hivi ndege hizo zitakuwa zimepita katika kila mwezi wa kalenda. 

Desemba mwishoni, kiti cha Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro ni taabu kukipata kwa bei ya kawaida. Wachaga wanakwenda kuhesabiwa nyumbani. Mabasi nayo hujaa hadi mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, inatoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada, na humo ndimo wamo watu wetu wa Mbulu, Dongobesh na Katesh, wakirudi kwa mama na baba. Safari hizo haziingii katika takwimu zozote za anga, ingawa sababu yake na ya yule aliye ndegeni ni moja.

Dodoma ina kalenda yake. Bunge la Bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, miezi ambayo Serengeti imelala. Wabunge, maofisa na wanaowafuata ndio watalii wa Dodoma. Tangu 1 Agosti 2024, treni ya SGR ilipozinduliwa rasmi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, abiria hao wamepata njia nyingine, na anayefuatilia miezi ya kiwanja cha Dodoma hana budi kusoma na ratiba ya treni pembeni.

Sasa Haydom, ambako ningependa tukae kidogo.

Hospitali ya Kilutheri Haydom ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka 1955, ikianzishwa na wamisionari kutoka Norwei, mahali ambapo barabara ya uhakika haikuwepo. Kwa miaka mingi kiwanja chake kidogo kimepokea ndege za huduma, zikiwemo za shirika la MAF, kubeba wauguzi, chanjo, dawa na mara nyingine mgonjwa asiyeweza kungoja. Wazo la daktari anayeruka lina mizizi hapa kwetu Afrika Mashariki: shirika la AMREF lilianzishwa 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, akiwemo Michael Wood. Kiwanja cha namna hiyo hakitaonekana kamwe kwenye jedwali la viwanja kumi vya juu. Miruko yake ya mwezi inahesabika kwenye vidole. Lakini kama mmoja wa miruko hiyo ulimbeba mama aliyekuwa anatokwa damu, utaupimaje kwa abiria wachache waliokuwemo?

Wajua kwamba joto hukifanya kiwanja kipande juu? Haydom iko mita 1,700 hivi, kama futi 5,600. Kwa kipimo cha kawaida cha marubani, hewa ya mwinuko huo inatakiwa kuwa na nyuzi joto karibu 4. Ikifika mchana wa Oktoba, joto nyuzi 28, hewa imepanuka na kuwa nyepesi. Kila nyuzi moja ya ziada ni sawa na kuinua kiwanja futi 120. Nyuzi 24 za ziada ni futi karibu 2,900. Bawa na injini, basi, vinafanya kazi kana kwamba viko futi 8,500, mita 2,600 hivi, juu kuliko mji wa Mexico aliokimbilia Akhwari. Ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka na inapanda polepole zaidi. Rubani ana mawili: apunguze mzigo au aruke asubuhi. Juni na Julai, baridi ya Mbulu inapouma, ndege ileile inabeba zaidi.

Masika nayo ina shida yake, na hapa kuna ukatili fulani. Ndiyo miezi ambayo barabara za udongo hukatika, miteremko huteleza, na kijiji kinaihitaji ndege kuliko wakati wowote. Ndiyo pia miezi ambayo mawingu hushuka mpaka yanakaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na rubani anayetua kwa macho, bila mitambo ya kumwongoza chini, hawezi kuja. Viwanja vidogo vya wilayani vinastahili lami, mifereji na kituo cha hali ya hewa bila kungoja abiria waongezeke. Abiria wa dharura hawaongezeki kwa matangazo.

Kiwanja kisicho na taa hufungwa jua linapozama. Je, wajua kwamba Hanang, jua huzama mapema zaidi mwishoni mwa Oktoba, kama saa 12:30 jioni, na kuchelewa zaidi mwanzoni mwa Februari, kama saa 1:00? Tofauti ya nusu saa. Kwa sisi wengine ni muda wa kuchunga ng'ombe kidogo zaidi. Kwa rubani aliyeitwa saa 10:30 jioni akiwa Arusha, ni swali la kama ataondoka au atangoja kupambazuke.

Saa za ndege zina siri nyingine. Marubani na waongoza ndege duniani kote huandika saa moja ya pamoja, ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ndege iliyotua KIA saa 8:30 usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, kwenye daftari la rubani imetua 30 Novemba. Mwezi mwingine kabisa.

Wajua kwamba ndege za abiria ni vituo vya hali ya hewa vinavyoruka? Nyingi za zile kubwa zimefungwa vifaa vinavyopima upepo na joto njia nzima na kutuma chini bila rubani kugusa kitu. Vipimo hivyo huingia katika mitambo ya utabiri pamoja na vya setilaiti na vya maputo. Ndege ziliposimama mwaka 2020, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilisema vipimo kutoka ndegeni vimepungua kwa asilimia 75 hadi 80. Afrika, ambako vituo vya ardhini ni vichache, iliguswa vibaya.

Naliweka hili mbele ya wasomaji wa Hanang kwa makusudi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa za mwaka wa El Niño, sehemu ya ubavu wa mlima ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikaporomokea Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari na kurudi. Utabiri ulio mzuri zaidi peke yake hauzuii mlima kumeguka, wala hakuna anayeweza kusema ndege kadhaa zaidi angani zingebadilisha siku ile. Lakini kila kipimo cha upepo na joto juu ya Bonde la Ufa kinamsaidia mtaalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, aliyeko zamu, na sehemu ya vipimo hivyo hutoka kwa ndege zile zile zinazopita juu ya Basotu bila kutua. Mwezi wenye ndege nyingi ni mwezi wenye macho mengi juu ya mawingu yetu.

Kwa haraka sasa.

Kiwanja cha ndege cha Ziwa Manyara hakipo mkoa wa Manyara. Kipo upande wa Arusha, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa karibu na Mto wa Mbu.

Namba zilizoandikwa mwisho wa njia ya kurukia ni dira iliyokatwa sifuri ya mwisho. KIA ni 09 na 27: nyuzi 90, mashariki, na nyuzi 270, magharibi. Ndege hutua ikiukabili upepo, na kwa kuwa upepo wa kule hutoka zaidi mashariki, mwisho mmoja hufanya kazi kuliko mwingine.

Tarehe 18 Desemba 2013, ndege kubwa ya Ethiopian Airlines, Boeing 767 iliyokuwa inakwenda KIA, ilitua Arusha, kwenye njia isiyozidi nusu ya urefu wa ile ya KIA. Hakuna aliyeumia. Takwimu za Kisongo za mwezi huo zilipata ugeni usiotarajiwa.

Mnyama aliyeruka juu kuliko wote katika kumbukumbu ni tumbusi wa Rüppell, aliyegongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan tarehe 29 Novemba 1973, futi 37,000. Jamaa zake wanataga kwenye magenge ya kaskazini mwa Tanzania, na huzunguka juu ya ng'ombe wetu.

Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull, huko Iceland, ilifunga anga la sehemu kubwa ya Ulaya kwa karibu wiki nzima, na maua yakaoza kwenye maghala ya Nairobi. Volkano moja, upande wa pili wa dunia, ikaharibu mwezi wa wakulima wa Naivasha. Hanang nayo ni volkano, iliyolala tangu kabla ya kumbukumbu za maandishi.

Atlanta, Marekani, kiwanja chenye abiria wengi kuliko vyote duniani, kilihudumia watu milioni 108 mwaka 2024. Jengo la tatu la abiria la Dar es Salaam, lililozinduliwa Agosti 2019, lilijengwa kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka.

Na la mwisho, kwa vijana wa Katesh wanaowaongoza wageni Mlima Hanang, sasa Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Je, mwajua kwamba miezi ambayo njia ya kupanda imekauka, Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi ambayo KIA hupokea wageni wengi? Wengi wao wanapita Arusha kwenda Serengeti na Kilimanjaro bila kusikia jina la Hanang, na wengine tiketi zao zilinunuliwa tangu Januari na Februari, wakati kwetu mahindi ndiyo kwanza yapo shambani. Anayetaka kumpata mgeni wa Agosti amwandikie wakala wa Arusha mwezi Januari, amtumie picha za kilele, bei ya mwongozaji na ya wapagazi, na namba ya simu inayopokelewa.